Pweza muuza supu: mchore ukutani, mjenge, mchore mchangani au mtume simuni?

Mzaha wenyewe ni huu. Pweza mwenye ukubwa wa mtu kajifunga kanga, kaketi nyuma ya meza ya mbao. Mkono mmoja umeshika upawa, wa pili bakuli, wa tatu unapokea hela, iliyobaki inafukuza nzi. Mbele yake kumeandikwa: SUPU YA KUKU IPO. Yeyote wa pwani aliyewahi kusimama jioni mbele ya sufuria la supu ya pweza anaelewa bila kuelezwa. Leo kibao kimegeuka.

Vijana wa Bagamoyo wakitaka kufanya kituko cha namna hii hadharani, swali la kwanza huwa la pesa na la pili la kibali. Mimi naanza na jingine: huyu pweza apewe mwili gani? Akiwa rangi ukutani ni kitu kimoja. Akiwa sanamu ya makaratasi ni kingine. Akichorwa ufukweni ni cha tatu, na akiwa picha ndani ya simu anaweza hata kukufikisha mahakamani. Nitawapima wote wanne kwa maswali mawili ninayoyajali kuliko mengine: aliyetaniwa anaweza kujibu? Na mzaha ukiisha, nani anauondoa?

Swali la kwanza nimelichota kwenye utani wetu wenyewe. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na misafara, na Wazaramo waliowapokea, wana utani hadi leo. Mtani anaweza kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, au kuzuia maziko mpaka apewe chochote, na hakuna anayemnunia. Kesho msiba ukiwa kwake, zamu inageuka. Anayefanya hivyo bila kuwa mtani anafukuzwa, na wanaomfukuza wana haki.

Ukutani

Bagamoyo ina kuta za aina mbili, na asiyezitofautisha ataharibu. Za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa hivyo hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukiupaka rangi ya plastiki, unyevu unakwama nyuma ya rangi, chumvi inajikusanya, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka na pweza wako pamoja nayo. Isitoshe, majengo ya kale yana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ngome Kongwe, Caravan Serai na Boma la Wajerumani la 1897 si mahali pa kujaribia brashi, hata kama ukuta unaonekana umetelekezwa na hakuna anayekuangalia.

Aina ya pili ni tofali za saruji: fremu za maduka, karakana, uzio wa shule, nyumba za Magomeni. Hapa unahitaji mwenye ukuta, na namaanisha mwenye ukuta, si mpangaji wa duka. Mpangaji atakubali asubuhi, mwenye nyumba atakuja jioni na swali.

Sifa ya ukuta ni kwamba unageuka anwani. Mchoro ukikaa mahali pazuri, baada ya muda mfupi abiria anamwambia dereva wa bodaboda, "Nishushe pale kwa pweza," na pweza kaingia kwenye ramani ya mji bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakuna mwili mwingine kati ya hii minne unaoweza hilo.

Kasoro yake ni umri. Kichekesho kinachekesha mara moja, mbili, tatu. Muuza duka wa upande wa pili atamwona pweza huyo kila akifungua mlango, kwa miaka, mpaka jua na chumvi vimpaushe. Kwa hiyo ukichagua ukuta, mchoro uwe mzuri hata kwa mtu ambaye hacheki tena: rangi zake, mikono ilivyojikunja, macho. Hapo ndipo mchoraji aliyesomea anapolipa. Mji una TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na sioni sababu ya kumpa ukuta mtu anayejifunzia juu yake wakati waliofunzwa wako mtaa wa pili. Halafu jiandae kisaikolojia: siku kampuni ya simu itakapomlipa mwenye fremu apake rangi ya kampuni, pweza atakufa na hakuna atakayekupigia kukupa pole.

Kujibu? Ukuta haujibiki. Asiyeupenda ana njia moja tu, kuuharibu.

Mezani

Huyu, sanamu ya makaratasi, ndiye ninayempenda, nasema mapema ili ujue naegemea wapi. Fito za mianzi zinakuwa mifupa, chandarua chakavu ngozi ya kwanza, kisha magazeti ya zamani yanabandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Anikwe juani mpaka akauke kabisa, apakwe rangi, afungwe kanga ya kweli na apewe upawa wa kweli. Vifaa ni vya bei nafuu. Gharama kubwa ni mikono ya watu na muda wao, na mahali pa kumweka usiku, maana pweza wa mikono minane haingii kwenye bajaji. Msimu nao uangaliwe. Masika ya Machi hadi Mei yatamrudisha kuwa uji, na vuli haina huruma zaidi.

Kinachofanya kazi hapa ni ukubwa na kuonekana mahali asipotarajiwa. Mholanzi Florentijn Hofman alichukua bata wa plastiki wa kuogea watoto, akamkuza mpaka akawa na ukubwa wa jengo, akamwelesha kwenye maji ya miji mingi duniani kuanzia mwaka 2007. Hakuna kilichofichwa na hakuna aliyedanganywa. Mtu anamwona, anacheka, anamwita mwenzake. Pweza wa mezani anafanya vilevile, ila na nyongeza: anajibika. Mtoto atamvisha kofia. Mzee atamuuliza bei na kulalamika kwamba kuku wenyewe ni wa kisasa. Dada anayeuza supu ya pweza halisi jirani atapaza sauti kwamba huyu mwenzake hana leseni. Kila anayepita anaongeza mstari wake, na kufika jioni mzaha umeshakuwa wa mji.

Lakini kitu kilichoachwa peke yake barabarani kinaweza kusomwa vibaya. Tarehe 31 Januari 2007, mjini Boston, Marekani, vibao vidogo vya taa vyenye umbo la mhusika wa katuni vilidhaniwa kuwa mabomu. Vilikuwa tangazo la kipindi cha televisheni. Barabara zikafungwa, waliovitundika wakakamatwa, na kampuni ya Turner Broadcasting ikaishia kulipa dola milioni 2. Vibao hivyo havikuwa na nia mbaya hata chembe. Vilikuwa na waya, betri, na hakuna mtu aliyesimama pembeni kusema ni vya nani. Kwa pweza wetu funzo ni rahisi: awekwe mchana, awe na mtu wa kukaa naye muda wote, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi wajue kabla, na asiwe na kitu chochote ndani kinachowaka au kulia.

Mahali je? Bagamoyo ina sehemu ambazo mzaha haupaswi kufika, na watani wa mjini wanazijua. Penye kumbukumbu ya waliosafirishwa utumwani, mnara wa mahali Wajerumani walipowanyonga wapinzani wao, makaburi ya Misheni: hapo pweza hana kazi. Mchezo wa Pokémon Go ulipotoka Julai 2016, watu walikwenda kuwinda vibonzo kwa simu hata ndani ya jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington, na jumba likalazimika kuwaomba waache. Wachezaji hawakuwa wakorofi. Ramani ya mchezo iliona eneo tu, haikuona maana ya eneo. Sisi tunaoishi hapa hatuwezi kujitetea kwamba hatukujua.

Na soko la samaki penye forodha ya zamani, ambako kila mtu angependa kumweka kwa sababu ndiko supu inakotoka, ni mahali pa kazi. Madau yakishusha, njia inahitajika. Mwekeni pembeni, palipo na kivuli, na mkiambiwa sogeeni, sogeeni.

Kumwondoa ni rahisi: watu wawili wanambeba.

Mchangani

Hapa sina mengi, kwa sababu mambo ni machache kweli. Maji yakipwa, ufukwe unakuwa ubao mkubwa usio na mwenyewe. Reki moja, fimbo, kamba ya kupimia duara la kichwa, watu wanne wenye nguvu za miguu. Nendeni wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha eneo pana. Maji mafu hayatawapa nafasi. Mna saa chache, kisha bahari inafuta yenyewe, haidai kitu.

Udhaifu ni kwamba aliye ufukweni haoni umbo, anaona mistari. Mchoro unahitaji jicho la juu. Droni ingefaa, ila urushaji wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na si jambo la asubuhi moja. Bila hivyo, chora pweza mdogo karibu na ukuta wa bahari watu wamwone wakiwa wamesimama juu. Kwa darasa la watoto wa shule ningechagua huyu kabla ya wote. Kwa mzaha wa supu, hapana. Kibao hakisomeki, na bila kibao ni pweza tu.

Simuni

Watu husema "tuweke mtandaoni" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu angalau, na hatari zake zinatofautiana kama kidau na meli.

Cha kwanza ni stika ya WhatsApp, na ndicho ninachokipendekeza bila masharti. Picha ya pweza ikatwe mandhari ya nyuma, iwe pikseli 512 kwa 512, isizidi kilobaiti 100, basi. Haili bando, haimtaji mtu, haidai kwamba jambo fulani limetokea. Mtu anaituma akiulizwa amekula nini, akikataa kukopesha, akimtania shemeji. Stika inajibika kwa stika. Kama mzaha wako una nguvu, utakuja kuuona tena kwenye kundi la ukoo ukitumwa na mjomba asiyejua ulitoka wapi, na hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mchoraji.

Cha pili ni klipu ya pranki. Unamkaribisha mtu supu ya kuku, anafunua sufuria, pweza wa mpira anaruka, kamera iliyofichwa inanasa sura yake. Klipu za hivi zinatazamwa sana, nakubali, na nimecheka na baadhi. Lakini ziweke kwenye kipimo cha mtani. Aliyerukiwa hakuwa mtani wako, hakuwa na zamu ya kesho, na uso wake sasa uko mikononi mwa watu asiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, nayo haichukulii sura ya mtu kama mali ya aliyeshika simu. Ukisisitiza kufanya klipu, mwonyeshe mhusika kabla hujaposti, yeye mwenyewe, si rafiki yake. "Shikamoo mama, tumekuchezea, tazama, tuifute au tuiache?" Akisema futa, futa mbele yake. Klipu bora za namna hii ni zile ambazo aliyechezewa anazisambaza mwenyewe. Na kama mwishoni inageuka kuwa tangazo la bidhaa, sema mwanzoni. Watu wamechoshwa na kiki. Wasanii wameachana na kurudiana mara nyingi mno kila wimbo mpya unapotoka, na mtazamaji aliyeng'amua hivyo hacheki tena hata pale pa kucheka.

Cha tatu ni picha au habari ya uongo, na hapa naomba tumwache pweza tumchukue mamba.

Pweza anayeuza supu haaminiki. Mtu anajua ni mzaha kabla hajamaliza kutazama. Mamba anaaminika: Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo tu ya mji, na mamba wamo kweli. Ukitengeneza kwa akili mnemba picha ya mamba kalala kwenye ngazi za soko la samaki alfajiri, kwenye kundi la kwanza wote wanajua ni wewe na wanacheka. Kwenye kundi la pili wanajua ni rafiki wa fulani. Kwenye kundi la nne jina halipo, tarehe haipo, imebaki picha na maneno "tahadhari jamani". Mchuuzi wa samaki aliyetegemea wateja wa asubuhi anakosa biashara kwa mzaha ambao hakualikwa. Hawezi kujibu maana hajui wa kumjibu, na wewe huwezi kumwondoa mamba, maana hayuko mahali pamoja. WhatsApp ilibana kusambaza ujumbe: mwaka 2019 ikawa mazungumzo matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mno ukabaki na mazungumzo mamoja kwa mara. Hiyo inapunguza kasi. Haimrudishi mamba mtoni.

Kuna watakaotaja Siku ya Wajinga. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC ilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi mitini, na watazamaji wakapiga simu kuuliza mti wa tambi unaoteshwaje. Kichekesho cha aina yake. Ila angalia kilivyofungwa: kilikuwa na siku yake, kipindi chake, na namba ya mtu wa kumuuliza. Aliyedanganywa usiku ule alijua pa kuuliza. Picha iliyosambazwa haina hata kimoja kati ya hivyo, na inaweza kumfikia mtu mwezi wa tisa.

Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16, kama kilivyopitishwa, kinamgusa anayechapisha jambo akijua ni la uongo kwa nia ya kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukutani ungegombana na mwenye nyumba. Simuni unagombana na Jamhuri.

Je, haiwezekani kuchezea mitandao kwa heshima? Inawezekana, na mfano ninaoupenda una mkokoteni. Februari 2020 msanii Simon Weckert wa Berlin alionyesha kazi aliyoifanya kwa simu 99 alizozipakia kwenye mkokoteni mdogo mwekundu. Zote zilikuwa zimewasha Google Maps. Akauburuta mkokoteni polepole katikati ya barabara tupu, ramani ikahesabu simu 99 zinazotambaa, ikadhani ni magari kwenye foleni, ikaipaka barabara rangi nyekundu. Aliyetaniwa pale alikuwa mashine, na wenye mashine wana uwezo wote wa kujibu. Mpita njia hakupoteza kitu zaidi ya kukwepeshwa barabara moja. (Kwetu ingekuwa vigumu. Nani ataamini foleni Bagamoyo?)

Neno dogo kuhusu msimbo wa QR, kwa sababu kila kundi linalofikiria sanaa ya mtaani siku hizi linautaja: bandika pichani, skani, pweza anaanza kuongea. Ni sawa, mradi ubandikwe kwenye kazi yako tu. Madukani misimbo hiyo ni ya malipo. Stika yako ikikaa juu au karibu na ya mwenye duka, mteja atakayeskani apate pweza badala ya kulipa hatacheka, na mwenye duka atakuita tapeli bila kukuonea.

Nani achague nini

Mna mwenye ukuta aliyekubali, mchoraji mzuri, na mzaha ambao umeshachekesha mahali pengine? Ukuta. Sisitizo ni hapo mwishoni: ukuta usiwe mahali pa kujaribia kichekesho kipya. Mna watoto na asubuhi moja ya bamvua? Mchanga. Hamna chochote ila simu yenye bando la siku? Stika, na muiache itembee yenyewe. Picha ya kuaminika ya jambo lisilotokea, sioni kundi ninaloweza kulishauri hivyo, hata liwe na kipaji gani.

Kwa wengine wote ni meza, na wakati mzuri ni wiki ya tamasha la TaSUBa, mji unapokuwa na wageni waliokuja tayari kutazama vituko na wenyeji waliozoea kuona watu wamejipaka rangi. Mpigeni pweza picha akiwa mezani, mtoe stika kwenye picha hiyo, na kama mwezi mmoja baadaye watu bado wanaituma, hapo ndipo mwende kumtafuta mwenye ukuta.

Bei ya supu msiiandike nyinyi. Mpeni chaki dada anayeuza supu ya pweza hapo jirani, aiandike yeye kwenye kibao. Anajua bei gani itachekesha na bei gani itamharibia biashara ya jioni.